Vitabu vya Kwenda Nyamisege

Usagara,
1 Juni 2025

Lukman mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanayonikumbusha umri. Najua ungependa nikupigie simu, lakini mimi sisomi kwenye kioo, na wewe kwenye simu huongei, unapumua tu. Tuandikiane.

Shule zimefungwa na mjukuu wangu Winnie yuko kwangu. Nimeamua tuende ziwani wiki tatu, kuanzia tarehe 14. Nimepanga nyumba Nyamisege, nyumba nzuri ya Bwana Josephat, bosi wako hapo chuoni. Yeye mwenyewe aliponiambia kwamba karani wa maktaba yake ni wewe nilicheka kwa furaha. Lukman wangu, kati ya vitabu! Pale hata ukiogopa, hakuna wa kukuona.

Tangu marehemu mume wangu aanze kuugua mpaka nilipomzika, miaka minne, sijatia mguu majini. Nami nilizaliwa Ukerewe, nilijua kuogelea kabla ya kujua a-e-i-o-u. Nataka kumfundisha Winnie kabla magoti hayajakataa kabisa.

Lakini siwezi kwenda mahali nisipopasoma. Nichagulie vitabu vitano nivimalize kabla ya safari: kimoja cha samaki, kimoja cha ndege, kimoja cha historia ya watu wa visiwani, riwaya moja nene, na kimoja cha Winnie chenye picha. Ana miaka minane na anauliza maswali kama hakimu.

Nakutegemea. Mpe kijana wa bodaboda, atanifikishia.

Mwalimu wako,
Wilhelmina

*

Ofisi ya Mkuu wa Utawala,
2 Juni 2025

Ndugu Lukman Yahaya,

YAH: KITABU CHA WAGENI, NYUMBA YA NYAMISEGE

Nimepokea kitabu ulichokijalidi upya. Kazi ni safi na hongera.

Nilikuagiza uondoe ukurasa wa 17, ambao mgeni mmoja aliandika uzushi kuhusu maji ya pale. Naona umeondolewa, ila sijauona ukurasa wenyewe. Nauhitaji mezani kwangu.

Aidha, Mwalimu Wilhelmina, ambaye nimeelezwa alikufundisha, atakuwa mgeni wetu huko kuanzia tarehe 14. Barua na vitabu vyake akishafika vitapita ofisini kwangu, viende na gari la mahitaji kila Jumatano. Kule hakuna mtandao na nisingependa apate usumbufu.

Nakukumbusha kwamba mkataba wako unakwisha tarehe 30 Juni. Nimeanza kuandika mapendekezo yangu.

N. Josephat

*

Mkolani,
5 Juni 2025

Mwalimu wangu mpendwa, shikamoo.

Natumaini hujambo na Winnie hajambo. Sisi huku tunasubiri sikukuu ya Idd keshokutwa. Mama anakusalimu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nimefurahi sana, Mwalimu. Vitabu nimechagua, ingawa utaona si vilevile ulivyoagiza. Cha samaki kipo. Cha ndege kimeazimwa. Badala yake nimeweka kimoja cha wanyama watambaao wa Afrika Mashariki, ni kizuri sana, hasa sura ya sita. Nimekunja kidogo pembe ya ukurasa wa 88. Najua ni kosa, unisamehe. Badala ya historia nimeweka kijitabu cha afya kuhusu magonjwa ya majini. Riwaya nimeweka ya watu wanaoishi milimani. Cha Winnie kinahusu mchezo wa bao.

Nilifikiri pia, Mwalimu, kama umeshawahi kwenda Lushoto. Nasikia hali ya hewa ya kule inafaa magoti. Au ukae Usagara tu, upumzike, mimi nitakuletea vitabu kila wiki kwa mkono wangu.

Nyumba ya Nyamisege ni nzuri, sina la kusema juu ya nyumba. Nasikia asubuhi kule kuna baridi.

Tafadhali soma sura ya sita mapema.

Mwanao mtiifu,
Lukman

*

Usagara,
9 Juni 2025

Lukman,

Marahaba. Idd Mubarak ya kuchelewa.

Nimeipitia barua yako kwa kalamu nyekundu, mazoea hayafi. Aya ya pili ina "nimeweka" tatu. Aya ya tatu haina kichwa wala miguu: unaanza na Lushoto, unapita magotini mwangu, unaishia kwenye vitabu. Na hapo kwenye baridi umekosa hoja. Maksi kumi na moja kati ya ishirini, mbili kati ya hizo ni za mwandiko.

Na kukunja pembe! Karani wa maktaba! Dada yangu Dorotea alipoona ule ukurasa akasema, "Huyu mwanafunzi wako angekuwa wangu ningemchapa na kitabu chenyewe."

Sura ya sita nimeisoma, na kwa sauti, maana Winnie alitaka. Mamba anaweza kukaa mwaka mzima bila kula. Winnie akauliza, "Sasa bibi, mwaka ukiisha je?" Tukacheka mpaka chai ikamwagika. Nikakukumbuka kidato cha pili, ulivyokataa kuingia darasani kwa sababu ya mjusi dirishani. Uliogopa mjusi, ukaogopa kengele, ukaogopa mtihani hata ulipokuwa wa kwanza. Sasa unaogopa kwa niaba yangu. Ahsante mwanangu, lakini mimi ni mtoto wa ziwa. Nimemuuliza Bwana Josephat uso kwa uso, akasema miaka kumi hapajatokea hata mkwaruzo.

Kichocho nakijua, dawa zake zipo zahanati.

Riwaya ya milimani nimeiacha ukurasa wa thelathini. Watu wale wana baridi sana. Nitumie nyingine, yenye maji.

Wilhelmina

Simu nitaiacha kwa Dorotea. Nataka wiki tatu za kusikia mawimbi na watu tu.

*

Mkolani,
12 Juni 2025

Mwalimu, shikamoo.

Masahihisho nimeyapokea. Nimestahili.

Natuma riwaya mbili, na zote zina maji. Natuma pia kitabu cha ndege, kimerudi. Ni kinene. Ndege wengi huonekana vizuri zaidi kutoka barazani, hasa asubuhi. Kitabu chenyewe kinasema hivyo. Kwa hiyo asubuhi ingefaa mkae barazani, wewe na Winnie, mpaka jua lipande sana. Na kuoga mnaweza kuchotewa maji mkaogea kwenye beseni, nasikia ndiyo desturi ya wageni wengi wa kule.

Leo nilifika mpaka njia panda ya Usagara. Nilikuwa nimekusudia kuja kwako tuongee. Nikanunua machungwa, nikasimama. Halafu nikarudi. Machungwa nimempa kijana wa bodaboda akuletee pamoja na hivi vitabu.

Mwalimu, mimi sasa si yule wa mjusi. Lakini naomba unichukulie kama yule wa mjusi, uniridhishe tu, kama ulivyomfukuza mjusi ingawa hakuwa na neno.

Mkataba wangu unakwisha mwezi huu. Nitakapojua nimeongezewa nitakuandikia mambo mengine.

Lukman

*

Nyamisege,
22 Juni 2025

Lukman mwanangu,

Nakuandikia nikiwa na nywele mbichi. Sijapata furaha hii tangu nistaafu.

Nyumba iko juu, na mbele yake njia ya ngazi inashuka hatua arobaini mpaka kwenye jiwe moja bapa, pana kama kitanda cha watu wanne. Jiwe limeingia majini. Upande wa kushoto mawimbi yanapiga, upande wa kulia kuna kidimbwi kimetulia, maji kama kioo, huoni hata mkunjo. Hapo ndipo darasa letu. Saa moja kamili asubuhi tunashuka. Siku za kwanza Winnie alishika mkono wangu, kisha akashika kipande cha boya. Jana aliniachia kabisa! Sekunde tano, Lukman, akiwa peke yake juu ya maji, akicheka na kumeza ziwa.

Jumamosi hii, tarehe 28, ndiyo mtihani wake. Ataruka kutoka jiweni aogelee mpaka kwenye kigingi cha zamani cha mitumbwi, hatua kama kumi na tano. Mimi nitasimama katikati, maji kiunoni.

Vitabu vyako tunavisoma mchana. Usikasirike, barazani asubuhi hatukai.

Mlinzi hapa anaitwa Obedi, mtu wa maneno machache, heshima nyingi. Anatutazama kutoka juu kila tukishuka. Siku ya tatu akaniambia, "Mwalimu, maji ya hapa asubuhi hayana adabu." Nikamwambia, "Basi yamepata mwalimu." Akacheka kidogo, akaangalia chini. Juzi tena: "Mwalimu, mbona mchana maji ni ya moto zaidi?" Nikamjibu kwamba mchana nasoma. Nadhani anaonea haya kuona mzee kama mimi na nguo ya kuogelea, maskini, hajui aseme vipi.

Kitabu cha wageni kipo sebuleni. Wote wanasifu. Nimeona jalada jipya, nikajua mkono wako. Mstari mzuri wa uzi.

Barua hii inakuja na dereva wa Jumatano. Nijibu kwa njia hiyohiyo.

Wilhelmina

*

Mkolani,
Alhamisi, 26 Juni 2025

Mwalimu,

Usisome barua hii mpaka mwisho kabla ya kufanya neno moja: mtoe Winnie majini. Na wewe toka. Kisha soma.

Barua yako nimeipata jana jioni. Hii yangu haipiti ofisini. Kesho alfajiri naipeleka mwenyewe stendi ya Nyegezi, nimkabidhi kondakta wa basi linalopita njia panda yenu. Nimeambiwa Obedi hufuata mizigo pale Ijumaa kwa baiskeli. Namba yake ya simu ipo ofisini kwa Bwana Josephat na siwezi kuiomba. Dada Dorotea nimempigia, naye hana njia ya kukupata.

Mwezi wa tano Bwana Josephat aliniletea kile kitabu cha wageni. Maji ya mvua yalikuwa yameharibu jalada. Akaniambia nikijalidi upya, na ukurasa wa 17 niutoe. Nikautoa. Karatasi za kitabu kilichoshonwa huenda mbili mbili, Mwalimu. Ukikata moja, mwenzake wa upande wa pili analegea, na nililazimika kumgundisha peke yake ili pengo lisionekane. Uzi uliousifu ndio niliotumia kulificha. Kazi hiyo niliifanya kwa siku mbili na kila mara nilikuwa nausoma ukurasa.

Bwana Josephat aliutaka mkononi mwake. Nilimdanganya kwamba niliuchoma pamoja na taka. Huu hapa, nimeuweka ndani. Kama umelowana njiani, unasema hivi:

"14 Agosti 2024. Mimi Moza, mkazi wa mjini Mwanza, nilifika hapa na familia yangu. Jana saa moja na nusu asubuhi dada anayefanya kazi hapa, anaitwa Kija, alishuka jiweni kuosha vyombo, upande wa kulia palipotulia. Mimi nilikuwa juu kwenye ngazi na mume wangu. Mamba alitoka chini ya jiwe lenyewe. Kija hakupiga kelele. Sufuria ndiyo iliyopiga kelele. Tulishuka tukakuta maji yametulia tena. Mwenye nyumba amekuja, amesema atawaambia ndugu za Kija yeye mwenyewe na sisi tusitie watu hofu. Tunaondoka leo. Naandika hapa kwa sababu atakayekuja atafungua kitabu hiki. Msishuke jiweni. Anakaa chini yake."

Mwalimu, nilijua haya ulipoandika barua ya kwanza. Tangu nilipokujibu nilikuwa na siku tisa za kukuambia ukiwa bado Usagara, na hakuna mtu aliyekuwa akisoma barua zangu wakati huo ila wewe. Nikakunja pembe ya ukurasa. Nilijiambia kwamba mtu mwenye akili kama wewe ataelewa, na kwamba ukielewa mwenyewe basi mimi sitakuwa nimesema.

Ningepanda hilo basi mwenyewe kesho. Nilitaka kukuandikia kwamba tuna zoezi la kukagua rafu na siwezi kuondoka. Zoezi lipo, lakini siyo sababu. Naogopa kufika nikute nimechelewa.

Lukman Yahaya

*

Nyamisege,
Jumamosi, 28 Juni 2025

Lukman,

Winnie yuko hai. Amenuna tu kwa sababu mtihani umefutwa na hajaambiwa kwa nini. Nimeandika hilo kwanza ili upumue.

Sasa nisikilize.

Jana basi liliharibika njiani. Obedi alisubiri njia panda mpaka giza, akarudi mikono mitupu, na leo alfajiri akaenda tena. Sisi tulishuka saa moja. Nilikuwa majini mpaka kiunoni, pale katikati nilipokueleza. Winnie juu ya jiwe, vidole vya miguu vimepita ukingo, anahesabu. Alifika mbili.

Obedi akatokea juu ya ngazi na baiskeli begani. Akaita, "Mwalimu, barua!"

Nikamwambia, "Iweke mezani, baba!"

"Mwalimu, toka uisome."

"Obedi, hunioni nina mwanafunzi?"

"Toka kwanza, Mwalimu! Na mtoto apande juu. Barua ni ya haraka."

Wiki mbili mtu huyu hajanipa amri hata ya kuketi. Nilitoka majini kwa hasira, ili nikamgombeze vizuri. Nikampitia Winnie, nikamvuta mkono. Nilipofika juu bahasha ilikuwa imefungwa. Hakuwa ameifungua wala asingeweza kujua kilichomo. Alikuwa amepata sababu tu ya kutuita, nayo akaishika kwa mikono miwili.

Nikaisoma nikiwa nimesimama, maji yanadondoka kwenye karatasi.

Kisha nikatazama chini. Hakuna kilichotokea, Lukman. Hakuna kilichoibuka. Kidimbwi kilikuwa kimetulia kama siku zote kumi na tatu nilizokipenda. Nimekaa darasani miaka thelathini na nne na sijawahi kutetemeka mbele ya mtu. Leo Obedi alinishika mabega.

Nimekukasirikia na sitaki kukuficha. Siku kumi na tatu. Kila asubuhi niliweka miguu ya mtoto yule juu ya paa la nyumba ya mnyama yule, na wewe ulikuwa Mkolani unanichagulia ndege. Ungeniandikia neno moja, "Usiende", na chini yake "mamba ameua mtu", ningekupa ishirini kati ya ishirini hata kama ungekosea herufi zote.

Lakini tangu asubuhi nafikiria, na kuna jambo lingine sipendi kulisema. Mlinizungukia wote wawili, wewe na Obedi. Wewe kwa beseni, yeye kwa adabu ya maji. Na mimi nilicheka, nikasahihisha. Ni mimi niliyefundisha watoto miaka yote kwamba mdogo hamwambii mkubwa "hapana" usoni. Niliwapa maksi kwa hilo, wewe ukiwa mmoja wao.

Nilimuuliza Obedi, "Ulijua?"

Akasema, "Mwalimu, nilikuta ndala zake jiweni. Bwana akaniambia nizitupe, Kija ametoroka na mwanamume, yuko Geita. Nikazitupa."

"Na uliamini?"

"Mtu anatoroka bila ndala, Mwalimu?"

Mchana alinipeleka kwa mama yake Kija. Ni mwendo wa nusu saa, nyuma ya mashamba ya mihogo. Mwaka karibu mzima wanaambiwa binti yao alikimbia na mwanamume, pamoja na vijiko vya mwenye nyumba. Hawajaweka matanga. Mama anaweka chakula chake pembeni kila jioni, halafu asubuhi anawapa kuku. Nilikuwa na ukurasa mfukoni, na mimi Wilhelmina nilikaa pale saa nzima tukaongea habari za mvua. Nilishindwa, Lukman. Sasa najua ulivyosimama njia panda na machungwa yako.

Kwa hiyo wewe utakuja. Sikuadhibu. Wewe ndiye uliyeukata ukurasa ule kitabuni, na mkono wako ndio utakaoufikisha ulikokuwa ukienda. Jumatano tutakwenda kwake, wewe, mimi na Obedi. Utamsomea. Baadaye ndipo tutakwenda polisi na ukurasa pamoja na barua yako, na Bwana Josephat atajibu kwa wakubwa wake. Lakini mama kwanza. Asisikie kwa askari.

Winnie nimemrudisha Usagara kwa Dorotea mchana huu. Ameondoka bila kuniaga.

Wilhelmina

*

Mkolani,
Jumatatu, 30 Juni 2025

Mwalimu, shikamoo.

Barua yako imenifikia leo asubuhi kwa kondakta yuleyule. Nilikuwa kazini. Nilisoma mstari wa kwanza nikaketi sakafuni kati ya rafu, na mwanafunzi mmoja akaniuliza kama nimepotewa na kitu.

Saa nne Bwana Josephat aliniita. Mkataba ulikuwa mezani, wa miaka miwili, umeshawekwa muhuri. Akasema, "Lukman, kijana wangu, nataka tu tuhakikishe jambo moja. Ule ukurasa uliuchoma?" Nikamwambia hapana. Akauliza uko wapi. Nikamwambia uko kwa Mwalimu Wilhelmina, na kwamba Jumatano nitakuwa Nyamisege. Sikusema kwa ushujaa, Mwalimu. Nilishika kiti. Akaurudisha mkataba kwenye droo, taratibu, kama mtu anayeweka sahani. Akasema, "Unajua mimi ninajuana na nani hapa mjini?" Nikasema, "Ndiyo, mzee, shikamoo," nikatoka. Salamu ilinitoka tu.

Nimemweleza mama. Amelia kwa sababu ya kazi, halafu amelia kwa sababu ya yule mama mwingine. Ananipigia pasi shati.

Kesho nalala hapa, Jumatano nakuja na basi la saa kumi na mbili. Obedi asihangaike kunifuata, nitatembea. Nitapita njia ya juu, ya mashamba. Naogopa hata kuliona hilo ziwa.

Ukurasa uko kwako lakini nimeukariri tangu mwezi wa tano. Jioni hii nimefunga mlango nikajaribu kuusoma kwa sauti. Sehemu ya tarehe napita. Sehemu ya Moza na mume wake napita. Nikifika kwenye jina la Kija, na mama yake nimemweka pale mbele yangu kwenye kiti kitupu, sauti inakatika. Nimejaribu mara sita.

Nikikwama mbele yake, Mwalimu, naomba usinipokee kusoma. Nitaanza upya.

Lukman